Mtoto asiyeshiba katika makazi ya mgao

Katika soko lolote la Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, mtoto anayechomoa andazi kwenye beseni la muuzaji ana jina moja tu: mwizi. Hakuna anayemuuliza alikula saa ngapi. Hupigwa kofi, mama yake huitwa, na siku ikiharibika zaidi huitwa vijana wa soko. Katika makazi ambayo mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, mtoto mwenye njaa hashangazi mtu. Anayeshangaza ni mtoto mnono anayeiba chakula nusu saa baada ya kumaliza sahani yake.

Ipo hitilafu ya vinasaba inayomfanya mtoto awe hivyo. Inaitwa Prader-Willi, kwa majina ya wawili kati ya madaktari watatu wa Zürich, Uswisi, walioieleza mwaka 1956: Andrea Prader na Heinrich Willi. Wa tatu, Alexis Labhart, jina lake limeachwa njiani kama inavyotokea mara nyingi. Chanzo chake ni kipande cha kromosomu ya 15, kile anachochangia baba, ambacho ama hakipo ama kimenyamaza. Kwa sababu hiyo sehemu ndogo ya ubongo inayoamua njaa na shibe haifanyi kazi yake sawasawa. Tumbo limejaa, ubongo unasema bado.

Hukadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 25,000 huzaliwa na hali hii, bila kuchagua kabila wala nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikihesabu Kongo iliyojiunga 2022 na Somalia iliyofuata, ina zaidi ya watu milioni 300. Gawanya kwa 20,000 na unapata watu 15,000. Nakivale peke yake, yenye wakimbizi zaidi ya laki moja na nusu, ingetarajiwa kuwa na saba au wanane. Hizo ni hesabu za karatasi. Watoto hawa huzaliwa walegevu mno, hawawezi kunyonya vizuri, na pale ambapo hakuna wa kuwalisha kwa mrija au kwa kijiko kwa uvumilivu, wengine hawaoni mwaka wa kwanza. Lakini anayevuka hapo yumo miongoni mwetu, na kwa kawaida hana jina la ugonjwa. Ana jina la tabia: mlafi, mkaidi, mwizi.

Msomaji wa gazeti hili anayevusha maharage Kikagati au vitenge Mpondwe anaweza kuuliza habari hii inamhusu vipi. Inamhusu kwa sababu nyumba ya mfanyabiashara ni ghala. Magunia yapo sebuleni, sukari ipo chini ya kitanda, sarafu zipo kwenye kopo, na mwenye nyumba yuko safarini siku tatu kwa wiki. Na inamhusu kwa sababu kibanda chake cha sokoni ndicho mtoto huyo anachokizunguka.

Utepe wa rangi tatu

Ili kuelewa kwa nini ugonjwa huu hupita machoni mwa watu wa afya bila kuonekana, tazama utepe wanaoutumia kupima mkono wa mtoto. Kila anayeishi katika makazi ya wakimbizi anaufahamu. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huzungushiwa utepe huo juu ya kiwiko. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto huingizwa katika tiba ya utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni manjano. Zaidi ya hapo ni kijani, na mama huambiwa mtoto yuko salama.

Mtoto wa Prader-Willi anaweza kuanza safari yake kwenye nyekundu. Hana nguvu ya kunyonya, halii kwa sauti, shingo haikai, analala muda mrefu kuliko wenzake. Anapewa maziwa, baadaye pakiti za lishe ya karanga ambazo wengi huziita Plumpy'Nut, na polepole anapanda. Karibu na umri wa miaka miwili uzito unaanza kuongezeka wenyewe, hata kabla hamu ya chakula haijabadilika. Hili wazazi wengi hawaliamini: mtoto ananenepa kwa sahani ileile. Mwili wake una misuli michache na hutumia nguvu kidogo, kwa hiyo chakula kinachomtosha mwenzake kwake ni ziada. Kila mtu anafurahi. Mama anasifiwa. Mhudumu wa afya anafunga faili.

Utepe ule hauna rangi baada ya kijani. Mfumo mzima wa lishe katika makazi ya wakimbizi ulijengwa kupambana na upungufu, na haki yake, kwa kuwa upungufu ndio unaoua wengi. Lakini mtoto aliyetoka nyekundu hadi kijani kisha akaendelea kupanda hana dirisha la kurudi. Akifika miaka saba au minane, ndipo njaa yenyewe inapofunguka, ile isiyofungwa na sahani yoyote. Wengine huanza mapema zaidi. Wakati huo ana kimo kifupi, viganja na nyayo ndogo kuliko umri wake, yuko nyuma darasani, na ana hasira zinazolipuka ratiba ikibadilika. Faili la utoto wake limekwisha kufungwa miaka mitano iliyopita, na huenda lilifungwa katika nchi nyingine.

Daktari anayeuliza swali moja tu, kama mtoto huyu alikuwa mlegevu na asiyeweza kunyonya alipozaliwa, anaweza kuuona ugonjwa. Unene wa kawaida hauna historia hiyo.

Kupunguza mgao si tiba

Mtu anaweza kudhani kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa kula kupita kiasi ana nafuu mahali penye chakula kidogo. Nimelisikia wazo hili likisemwa kwa nia njema kabisa, na ni kosa linaloweza kuua.

Wataalamu wa Marekani na Ulaya waliokaa na wagonjwa hawa kwa miongo wamefikia kanuni ambayo haihitaji maabara. Mtoto awe na uhakika kwamba chakula kitakuja, na saa gani, na kiasi gani. Wakati huohuo asiwe na tumaini lolote la kupata kitu nje ya saa hizo. Akiwa na uhakika wa kwanza, wasiwasi unapungua. Akikosa tumaini la pili, anaacha kutafuta. Hali hiyo wanaiita usalama wa chakula, maneno yaleyale yanayotumiwa na mashirika ya misaada kwa maana nyingine kabisa. Kwao maana yake ni kabati lenye kufuli, jiko linalofungwa, na ratiba iliyobandikwa ukutani.

Sasa weka kanuni hiyo katika nyumba ya Juru. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilishusha mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha asilimia 60 mwaka 2021. Mwaka 2023 likawagawa watu kwa makundi ya uhitaji, wengine wakipata sehemu ndogo zaidi na wachache wakiondolewa. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, watu wapatao milioni 1 waliondolewa kwenye orodha, katika nchi inayohifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8. Mwaka huohuo familia mpya ziliendelea kuingia kutoka Kivu, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari, na nyingi zilipelekwa Nakivale.

Kila punguzo la aina hiyo hubomoa nguzo ya kwanza ya matibabu, yaani uhakika. Mama aliyekuwa akipika saa saba mchana sasa anapika akipata. Leo mlo mmoja, kesho miwili kwa sababu kibarua kimelipa. Mtoto mwenye ubongo usiojua shibe, akiona saa saba imepita bila sufuria, haketi kusubiri kama ndugu zake. Anatoka. Anakula unga mbichi, maganda, pumba za kuku wa jirani, mabaki ya jalalani. Anameza bila kutafuna kwa kuogopa kunyang'anywa, na kukabwa na chakula ni moja ya njia zinazowaua wagonjwa hawa. Kisha siku ya mgao, au siku fedha za msaada zinapoingia kwenye simu, chakula cha mwezi kinaingia ndani ya chumba kimoja kisicho na kabati, na mtoto anakula mpaka tumbo linavimba.

Hapa pana hatari ambayo kila mzazi inabidi aijue. Wenye Prader-Willi hawatapiki kwa urahisi, na maumivu huwafikia kwa kiasi kidogo. Mtoto wa kawaida aliyekula kupita kiasi hulia na kutapika, na tumbo likapona. Huyu anaweza kukaa kimya huku tumbo likinyimwa damu hadi kupasuka. Vifo vya namna hiyo vimeandikwa katika nchi zenye hospitali kila kona.

Na lipo jambo lingine ambalo halisemwi sana. Katika nyumba iliyopunguziwa mgao, mtoto mnono huleta maneno. Majirani huuliza familia hiyo inaficha nini. Watu wakipangwa kwa makundi ya uhitaji, mwili wa mtoto unaweza kusomwa kama ushahidi kwamba nyumba inajiweza. Mama huanza kumficha mtoto, na mtoto aliyefichwa hafiki kliniki.

Nyumba ya Kamukuzi

Mbarara iko mwendo wa takriban kilomita 60 kutoka Nakivale. Kwenye kilima cha Kamukuzi, lilipo jumba la zamani la Omugabe wa Ankole, na katika mitaa iliyo chini yake, wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali waliotoka makazini wakapanga vyumba, wanaofanya biashara na hawategemei mgao. Mtu angesema mtoto wa huku ana bahati. Kwa ugonjwa huu, bahati hiyo ina mambo mawili ndani yake.

Uhakika upo: chakula kipo kila siku. Kinachokosekana ni nguzo ya pili. Tumaini la kupata kitu cha ziada liko kila hatua tano. Kijana wa rolex anakunja chapati na mayai kando ya barabara. Mwenye duka anatoa biskuti kwa mkopo kwa sababu anajua mama atalipa akirudi kutoka Murongo. Bibi jirani anaona mtoto anamtazama akila, na kwa adabu zetu hakuna mtu anayekula huku mtoto anamtazama. Mgeni akija na mkate, mtoto ndiye anayepokea. Kwa Wakongo na kwa Wasomali vilevile, watu hula kutoka sinia moja, na hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake.

Ukarimu huu ndio uliotulea, na simwambii mtu auache. Lakini kwa mtoto huyu kila mkono unaompa kipande unamfundisha kwamba ratiba ni uongo, na kesho atazunguka mikono mingi zaidi. Mama peke yake hawezi kufunga mtaa mzima. Anachoweza ni kwenda kwa watu sita au saba, mwenye duka, wa chapati, wa maziwa, mwalimu, jirani wa kushoto na wa kulia, shehe au mchungaji, na kuwaambia wazi: mwanangu ana ugonjwa, asipewe chakula wala asiuziwe, na akichukua kitu msimpige, niiteni, nitalipa. Mazungumzo hayo ni magumu kuliko kununua dawa. Kwa muuzaji wa soko, kuyakubali ni jambo dogo: kufunika beseni, kumrudisha mtoto kwa jina lake, na kutopiga kelele ya mwizi katika soko ambalo kelele hiyo huleta mawe.

Kwa mzazi anayesafiri, shida kubwa ni nani anashika ratiba akiwa ng'ambo ya mpaka. Dada wa miaka kumi na mitatu aliyeachiwa ufunguo atashindwa. Mtoto atamlilia, atamtishia, atamwamsha usiku wa manane. Afadhali bidhaa zisilale nyumbani kabisa. Mwenye stoo ya kukodi sokoni aweke magunia huko hata kama ni gharama, na nyumbani kibaki chakula cha siku moja au mbili ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Fedha nazo zisiachwe kwenye kopo, kwa kuwa fedha ni chakula kilichokunjwa. Kutuma za siku kwa simu kwa anayebaki ni salama kuliko kuacha za wiki.

Kufuli linaonekana la kikatili kwa asiyejua. Familia zilizolizoea husema kinyume: mtoto hutulia akijua kwamba hakuna namna, kama anavyotulia mtu aliyeambiwa basi limejaa na lingine linakuja saa kumi. Kinachohitajika ni kumweleza kwa upole, kila siku kwa maneno yaleyale, na chakula kije saa kumi kweli.

Kilichomo kwenye sahani

Mtoto mwenye ugonjwa huu anahitaji kiasi cha asilimia 60 hadi 80 ya kalori za wenzake wa umri huo. Huku kwetu hilo linagusa matoke, posho, mihogo, wali na pasta kabla ya kitu kingine chochote. Bonge la posho lipungue nusu, na nafasi yake ijazwe na dodo, kabichi, biringanya, malenge, sombe iliyopikwa bila kuogelea kwenye mawese. Maharage na dagaa, wale wanaoitwa mukene upande huu, vibaki, kwa kuwa mwili wake una misuli haba na protini haipaswi kukatwa. Mbarara ni nchi ya maziwa. Kikombe kimoja kilichoondolewa mafuta kinatosha, na kisihesabiwe kama maji. Chai ya Kisomali yenye sukari vijiko vitano na soda ya sikukuu ndizo zinazoharibu hesabu kimyakimya. Mboga zikiwa nyingi sahani inaonekana imejaa, na kwa mtoto anayepima kwa macho hilo lina uzito wake.

Kutembea kila siku, hata kwenda kisimani, kunasaidia. Mazoezi peke yake hayafuti chakula cha wizi.

Bila mpangilio huu, yanayofuata yanajulikana: kisukari cha aina ya pili ambacho hupata hadi robo ya watu wazima wenye ugonjwa huu, kukatika pumzi usingizini, moyo kushindwa kazi. Penye utambuzi wa mapema na ratiba, wapo wanaofika utu uzima wakiwa na uzito wa kawaida. Tofauti hiyo imepatikana zaidi kwa kufuli na saa kuliko kwa vidonge.

Vidonge navyo vina habari. Machi 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha diazoksaidi kolini kwa wagonjwa wa miaka 4 na zaidi, dawa ya kwanza kupitishwa mahususi kwa njaa ya Prader-Willi. Hupunguza njaa kwa baadhi, inaweza kupandisha sukari ya damu, na bei yake imepangwa kwa bima za Marekani. Homoni ya ukuaji, iliyoidhinishwa huko kwa ugonjwa huu mwaka 2000, hujenga misuli na kupunguza mafuta lakini haiondoi njaa. Ni sindano ya kila siku inayotunzwa katika nyuzi 2 hadi 8. Tunasafirisha minofu ya samaki wa Ziwa Viktoria kwenye barafu hadi Ulaya, kwa hiyo ubaridi si fumbo kwetu. Fumbo ni nani atalipa. Ama zile sindano za kupunguza unene zinazotangazwa mitandaoni na ambazo baadhi ya wenzetu wameanza kuzipitisha mipakani kwenye mabegi, jaribio la mojawapo, liraglutaidi, kwa watoto na vijana wenye Prader-Willi halikuonyesha nafuu ya uzito kuzidi dawa bandia. Mzazi asiuze shamba kwa ajili yake. Na vile vidonge vya kuongeza hamu ya kula vinavyouzwa sokoni kwa wanaotaka kunenepa visikae hata siku moja katika nyumba yenye mtoto huyu.

Barua isiyovuka mpaka

Utambuzi unathibitishwa kwa kipimo cha damu kinachoangalia namna kipande kile cha kromosomu ya 15 kilivyotiwa alama. Hukamata zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa. Mkimbizi wa Nakivale hupata rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanza 1989, na kwa sheria ya Uganda ana haki ya huduma kama raia. Shirika la kimataifa la Prader-Willi, IPWSO, lina mpango wa kupima bure sampuli kutoka nchi zisizo na kipimo hicho, katika taasisi ya Baschirotto nchini Italia. Daktari ndiye anayeomba, na mzazi anaweza kumkumbusha kwamba mlango huo upo.

Karibu zaidi, Nairobi imekuwa ikifundisha tangu 2008 madaktari wa homoni za watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na waliohitimu wamerudi kwao, Uganda ikiwemo. Kigali kuna kituo cha vinasaba cha Chuo Kikuu cha Rwanda, saa chache kwa basi kutoka Mbarara kupitia Mirama Hills. Jumuiya yenyewe iligawana vituo vya ubingwa: Uganda saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa tiba, Burundi lishe. Mgawanyo huo ulifanywa kwa magonjwa ya wengi, na hilo linaeleweka. Lakini ugonjwa wa mtu mmoja kati ya 20,000 ndio hasa usioweza kubebwa na nchi moja. Burundi haiwezi kuwa na bingwa wake, kliniki yake na dawa yake kwa wagonjwa mia chache waliotawanyika. Kwa eneo zima, kliniki moja ingekuwa na kazi ya kutosha. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la magonjwa adimu, na serikali zetu zikiulizwa zimepanga nini, jibu la kila moja kivyake litakuwa hafifu.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Shehena ya maharage isiyozidi dola 2,000 inavuka kwa cheti chepesi cha asili, na mwenye kibanda Mutukula anajua kukijaza akiwa amefumba macho. Mtoto mgonjwa hana cheti cha namna hiyo. Hakuna bima ya afya ya pamoja. Kadi ya nchi moja ni plastiki tu katika nchi ya pili. Usajili wa dawa umekuwa ukiunganishwa tangu 2012, hatua nzuri, lakini dawa isiyoombwa na mtu haisajiliwi. Na historia ya mgonjwa haisafiri kabisa. Mtoto aliyelishwa kwa mrija Bukavu mwenye karatasi ya Kifaransa anafika Nakivale ambako faili ni la Kiingereza, na katikati yake kuna mama anayeeleza kwa Kiswahili kwa mhudumu anayeandika nusu ya anachosikia. Swali lile la mtoto kuwa mlegevu na asiyeweza kunyonya linapotea hapo.

Mama huyo pia hubeba lawama ambayo si yake. Huambiwa alimlea vibaya, alimdekeza, alilaaniwa. Katika visa vingi hitilafu hii hutokea kwa bahati mbaya wakati mimba inatungwa. Haitokani na alichokula wala alichofanya yeye au mumewe, na mara nyingi uwezekano wa kupata mtoto mwingine wa hivyo ni chini ya asilimia moja. Familia zimevunjika kwa kukosa sentensi hiyo moja kutoka kwa daktari.

Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021. Wakuu wa nchi walipokubali hilo, sidhani kama walikuwa na barua za hospitali akilini, lakini hapo ndipo lingefaa kuanza. Mzazi anayetoka Mbarara au Nakivale na mtoto wa aina hii anaweza kumwomba daktari karatasi moja ya ziada kwa Kiswahili, akaitia kwenye mfuko uleule wa vitambulisho na vyeti vya forodha. Iseme jina la ugonjwa. Iseme kwamba mtoto haadhibiwi kwa kuchukua chakula. Na iseme, kwa herufi kubwa, kwamba tumbo likivimba ghafla au akitapika, hata kama mwenyewe anasema haumwi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.